Wimbo Tulioucheka

Wimbo ninaotaka kuuzungumzia katika sura hii ulikataliwa na redio ya taifa ulipotoka, na kwa sababu hiyo kila mtu aliujua. Ni "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, wa mwaka 1990. Vijana wa leo wanaolisikia jina hilo hudhani ni wimbo wa mzaha tu. Wazee wenzangu nao wanaukumbuka kwa kicheko. Mimi pia niliucheka, na kwa miaka mingi nimejiuliza kama kicheko kile kilikuwa ndiyo nguvu ya wimbo au ndiyo udhaifu wake. Nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kueleza kwanza wimbo wenyewe ni wa namna gani, halafu unasema nini, na mwisho ulitufanyia nini sisi watu wa Shinyanga na wa machimbo ya dhahabu ya Geita.

Nianze na mtunzi. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akahamia Matimila, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila. Watu walimwita Dokta Remmy, na yeye mwenyewe hakuona haya kujiita Sura Mbaya. Mwaka 1988 bendi yake ilialikwa kupiga katika matamasha ya WOMAD huko Ulaya, na mwaka uliofuata ikatoa sahani ya "Songs for the Poor Man" kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Kwa hiyo aliyeimba juu ya soksi hakuwa mhuni wa mtaani aliyekosa la kuimba. Alikuwa mwanamuziki mwenye jina ndani na nje ya nchi, na alikuwa na mengi ya kupoteza.

Muziki wake ni wa aina tuliyoizoea kuiita muziki wa dansi. Aina hiyo ina historia ndefu kwetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na tangu hapo karibu kila mji mkubwa ulikuwa na bendi yake. Wimbo wa dansi huwa na sehemu mbili. Kwanza ni ile ya polepole ya rumba, ambapo mwimbaji hutoa kisa chake na watu husikiliza maneno. Kisha gitaa la solo huchukua hatamu, ngoma zinakoleza, na hapo ndipo penye chemko, ambapo watu huacha kusikiliza wakacheza. Remmy aliufuata mpango huo, lakini alikuwa na tabia moja iliyomtofautisha na wenzake: alikuwa mwepesi wa kuacha kuimba akaanza kusema, kama mtu aliyesimama barazani na kuwahutubia majirani, huku magitaa yakiendelea chini yake. Mwenyewe aliuita muziki wake "ubongo beat", maana alitaka uende kichwani kabla ya kufika miguuni. Mbele ya muziki wa namna hii mcheza dansi hana pa kujificha. Amekuja kucheza, anajikuta anasemeshwa.

Sasa jina la wimbo. Neno "mambo" katika Kiswahili ni sitara. Tukishindwa kulitaja jambo kwa jina lake tunasema "mambo yale", na kila mtu mzima anaelewa. Kiunganishi "kwa" hapa ni cha namna, kama tunavyosema kula kwa kijiko au kwenda kwa miguu. Na soksi ni kondomu. Kwa nini soksi? Kwa sababu watu walikuwa wakiiita kondomu mpira, na mpira una viatu vyake na soksi zake. Aliyebuni lugha hiyo, awe Remmy au vijana wa mtaani aliowasikia, alifanya kazi ambayo mabango ya serikali hayakuiweza. Alilichukua jambo lisilotamkika mbele ya mama mkwe akalivika nguo ya kawaida kabisa, nguo inayoanikwa kwenye kamba kila Jumamosi.

Msomaji kijana inabidi akumbushwe hali ya siku zile. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1990 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuvuka ziwa na kushuka na barabara na reli hadi kwetu, na wakati huo haukuwa na dawa. Wala haukuwa na jina moja. Kule Kagera waliuita Juliana, kwa jina la shati la magendo. Kwingine walisema fulani amekanyaga miwaya, au ana ngoma. Wenye dharau walilichambua hata neno UKIMWI lenyewe wakalipa maana nyingine. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ulianza mwaka 1988, na mabango yalibandikwa, lakini redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania, nayo ilikuwa na watu wa kupima maneno ya kila wimbo kabla haujafika hewani. "Mambo kwa Soksi" haukupita. Ulionekana umevuka mpaka wa adabu.

Sitaki kuwadharau waliokataa. Redio ile ilisikilizwa sebuleni, baba na binti zake wamekaa pamoja, na heshima ya sebule si kitu cha mchezo. Lakini ukweli ni kwamba katazo lile liliuza wimbo kuliko tangazo lolote. Kaseti zilinakiliwa vibandani, kutoka nakala hadi nakala, mpaka sauti ya Remmy ikawa kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Yangu niliinunua karibu na stesheni ya Shinyanga. Wakati huo nilikuwa karani katika kinu cha kuchambulia pamba, kijana mwenye mshahara mdogo na redio-kaseti ya mkopo.

Kaka yangu wa tumbo moja hakuwa na mshahara, lakini alikuwa na fedha. Mwaka ule wa 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyokaribia ile ya soko, na habari hiyo ilienea Usukumani kama moto wa kiangazi. Vijana waliacha pamba shambani. Kaka yangu alikwenda Nyarugusu, katika wilaya ya Geita, ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012. Nilimfuata kumtembelea kwa likizo yangu. Nilivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, maana daraja lililofunguliwa hapo mwaka 2025 halikuwa hata ndoto, na mfukoni nilikuwa na ile kaseti kama zawadi.

Niliyoyaona machimboni yamenisaidia kuuelewa wimbo kuliko maelezo yoyote. Mtu alishuka katika duara kwa kamba, futi nyingi chini, penye hewa nzito na kuta zilizoshikiliwa na magogo. Akipanda alikuwa mweupe kwa vumbi. Mawe yalitwangwa, unga ukaoshwa, zebaki ikachanganywa kwa mikono mitupu na kuchomwa juu ya moto. Jioni fedha ilitoka, na ilitoka ili iishe. Walikuwa na imani kwamba fedha ya dhahabu haikai. Ukiificha, mwamba nao unakuficha mali yake. Basi pombe ililetwa, nyama ikachomwa, na katika vibanda vya turubai muziki ulilia hadi alfajiri. Wanawake walikuja kutoka kila upande, wapishi, wauza pombe, wauza mitumba, wajane, na wasichana waliotoroka nyumbani.

Kaseti yangu ilipigwa usiku wa kwanza. Kibanda kizima kilicheka. Waliirudisha nyuma wakaipiga tena. Kaka yangu alinishika bega, akaniambia, "Mdogo wangu, huyu bwana ana akili sana. Lakini soksi haifai kwenye matope. Sisi huku tunavaa mabuti tu." Nao wakacheka zaidi, na mimi pamoja nao.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Utani wa Remmy ulijibiwa kwa utani. Mtu ambaye kesho asubuhi huenda mwamba ukamwangukia haogopi ugonjwa utakaomuua baada ya miaka minane. Wimbo ulimwomba ajali kesho yake, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba kesho si mali yake. Hili si kosa la mtunzi, lakini ni mpaka wa wimbo, na mhakiki mwaminifu hana budi kuuonyesha.

Somo la pili nilipewa na mama mmoja aliyekuwa akituuzia pombe. Yeye hakucheka. Alikuwa akiosha vikombe, na nilipomuuliza kama hakuupenda wimbo, alinijibu taratibu, "Shemeji, anaimba vizuri. Ila soksi huvaliwa na mwenye mguu. Mimi nitamvalisha mtu kwa nguvu?" Sijasoma uhakiki wa wimbo ule unaozidi sentensi zile. Jina lenyewe la wimbo linamsemesha mwanamume. Ndiye mwenye kuvaa, ndiye mwenye kuamua, ndiye anayebembelezwa kwa mzaha ili akubali. Mwanamke aliyekuwa na watoto wa kulisha na kibanda cha kulipia kodi alibaki msikilizaji wa mazungumzo ya wanaume juu ya maisha yake.

Ili kuupima wimbo kwa haki, yafaa tuuweke karibu na nyimbo nyingine mbili za miaka ile. Mwaka 1987 Franco wa Kongo alitoa "Attention na SIDA". Franco anasema zaidi kuliko anavyoimba, tena kwa Kifaransa kwa sehemu kubwa, na anaonya kila kundi la jamii kwa sauti ya mzee aliyekasirika. Ni wimbo wa amri. Mwaka 1989 Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza hadharani akasema yeye mwenyewe ameambukizwa, akaimba "Alone and Frightened", na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefariki. Ni wimbo wa ushuhuda. Remmy hakuwa na hasira ya Franco wala hakubeba msalaba wa Lutaaya. Alichagua njia ya tatu, nayo ni yetu hasa: utani.

Kila Mtanzania anajua kazi ya mtani. Msibani, ndugu wote wamejiinamia na hakuna anayethubutu kusema neno, mtani huingia, akamsema marehemu, akawasema wafiwa, akadai ulipwe ujira wake ndipo jeneza lipite. Anasema kweli ambayo ndugu hawawezi kuisema, na hapigwi. Kwetu Usukumani tuna pia mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, ambapo mtunzi humchoma mpinzani wake kwa maneno makali mbele ya maelfu ya watu, na aliyechomwa sharti ajibu kwa wimbo. Kwa hiyo sisi hatukuhitaji kufundishwa namna ya kumsikiliza Remmy. Tulimtambua mara moja kuwa ni mtani wa taifa zima, na ndiyo maana kaseti ilienea mpaka vijiji ambavyo bango la serikali halikufika. Baada ya wimbo ule, mtu aliweza kuingia duka la dawa akaomba soksi, na muuzaji akacheka akampa. Hilo si jambo dogo. Lugha ikishapatikana, aibu inapungua, na pasipo lugha hakuna ushauri wa daktari utakaofika.

Lakini utani una kasoro yake. Mtani akimaliza, kicheko kinapoa, na lazima atokee mtu wa ukoo wa kulichukua lile neno na kulifanyia kazi. Asipotokea, ukweli unaondoka na mtani.

Kaka yangu alirudi nyumbani mwaka 1995 akiwa amebebwa kwenye machela ya kitanda cha kamba. Aliugua miezi minne. Mimi nilijua. Alijua yeye pia, kwa sababu usiku mmoja aliniomba nimpigie ile kaseti, na ilipofika mahali tulipokuwa tukicheka aliniangalia tu. Mwaka huohuo watafiti waliofanya kazi mkoani Mwanza walitangaza kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizo mapya ya virusi kwa takriban asilimia 40. Habari ile ilipata sifa dunia nzima. Kijijini kwetu, kilomita chache tu kutoka barabara ya Mwanza, tulisema ni kifua, halafu tukasema ni mkono wa mtu.

Na mkono huo ukatafutiwa mwenyewe. Palikuwa na bibi jirani yetu, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia miaka sitini. Msomaji anayeijua Shinyanga anajua macho mekundu yamewagharimu nini wanawake wazee wa kwetu. Wiki mbili baada ya mazishi alikuta alama mlangoni pake, akaondoka usiku kwenda kwa binti yake, na shamba lake likabaki kichaka. Alinusurika. Wengi hawakunusurika. Mimi, karani mwenye elimu, mwenye kaseti ya Remmy mfukoni, nilikaa matangani siku zote zile na sikusema neno moja. Mtani alikuwa amekwisha kusema. Mtu wa ukoo ndiye aliyekosekana.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia mtu akiuliza kama "Mambo kwa Soksi" uliokoa maisha, nashindwa kutoa jibu la haraka. Takwimu haziwezi kuutenga wimbo mmoja na mambo mengine yote. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003-04 ulionyesha maambukizo ya asilimia 7.0 kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2011-12 ulionyesha asilimia 5.1. Lakini katika uchunguzi huohuo wa pili Shinyanga yetu ilikuwa na asilimia 7.4, miongoni mwa mikoa iliyoongoza. Wakati huo kondomu za Salama zilikuwa zimekwisha kuuzwa madukani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na dawa za kurefusha maisha zilikuwa zikitolewa bure tangu mwaka 2004. Migodi mikubwa nayo ilikuwa imefunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ikileta wafanyakazi na fedha na vibanda vipya kandokando yake.

Urithi wa wimbo, kwa maoni yangu, uko zaidi katika nyimbo zilizoufuata. Bongo Fleva ilipoingia, vijana hawakuona ajabu kuimba juu ya ugonjwa huu. Mwana FA aliimba "Alikufa kwa Ngoma", na mwaka 2004 Ferooz akatoa "Starehe", kisa cha kijana anayeugua na kujuta, nao ukapigwa redioni mchana kweupe. Nyimbo hizo zina huzuni ambayo Remmy hakuitafuta. Lakini mlango walioupitia ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa teke la mtu mwingine. Remmy mwenyewe katika miaka yake ya mwisho aliacha dansi akaokoka, akaimba nyimbo za injili, na alifariki Desemba 13, 2010. Kituo cha mabasi karibu na nyumbani kwake, huko Sinza, bado kinaitwa kwa Remmy.

Kaseti yangu haipigiki tena; utepe umekatika mara mbili. Lakini mwaka jana nilikwenda Rwamagasa kumtembelea mtoto wa kaka yangu, ambaye naye ni mchimbaji. Jioni aliutafuta wimbo ule katika simu yake akaniwekea, akidhani atanifurahisha mzee. Ulipofika mahali palepale, alicheka, kicheko cha baba yake kabisa, na vijana wenzake wakacheka. Nikacheka na mimi, maana wimbo bado ni mtamu. Kisha nikamwomba apunguze sauti, nikamweleza baba yake alikufa kwa ugonjwa gani. Alikuwa hajapata kuambiwa.

Tulizungumza mpaka usiku. Aliniuliza maswali mengi, na moja lilikuwa juu ya yule bibi jirani. Nalo nililijibu.